Nani Aliyewatuma Sisimizi?

Wiki mbili zilizopita, nikiwa katikati ya mhadhara kuhusu mifumo ya kompyuta inayojirekebisha yenyewe, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, ikiwa mfumo umejifunza wenyewe, kisha ukamnyima mtu haki yake, mtu huyo amlalamikie nani?" Nilimjibu kama tunavyojibu wahadhiri tunapobanwa. Nilisema swali ni zuri, tutalirudia mwishoni. Mwishoni hatukulirudia. Muda uliisha, au niseme kweli, niliuacha uishe. Andiko hili ni deni ninalolipa, na kwa kuwa jibu lake linanihusu kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya darasa, nimeona nililipe hadharani.

Nianze na kazi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao si watu wa kompyuta. Siku hizi karibu kila huduma tunayoipata, iwe kwa simu au kwenye dirisha la ofisi ya umma, ni huduma nyingi zilizofungwa pamoja. Unapolipia ada ya leseni, kuna programu moja inayotoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ya pili inahakiki kitambulisho chako, ya tatu inazungumza na benki au kampuni ya simu, ya nne inakutumia ujumbe mfupi. Kila moja ina mwenyewe, ina seva zake, na ina siku zake za kuugua. Kuamua ni ipi iitwe, kwa mpangilio gani, na ipi ishike nafasi ya iliyozimika, ndiyo kazi ambayo katika fani yetu tunaiita utungaji wa huduma. Neno hilo nalipenda. Shanga hutungwa, shairi hutungwa, na katika yote mawili anayeona kitu kilichokamilika hauoni mkono uliochagua.

Ugumu wa kazi hii uko katika hesabu. Chukua ombi lenye hatua 10, na kila hatua iwe na watoa huduma 20 wanaoweza kuitekeleza. Njia za kuzitunga hatua hizo zinapita trilioni 10. Kompyuta inayojaribu njia milioni moja kwa sekunde itahitaji takriban siku 118 kuzimaliza zote, ilhali ombi lenyewe ni la mjane aliyesimama dirishani. Na hata mjane huyo angekuwa na subira ya siku 118, huduma zilizokuwa nzima siku ya kwanza zitakuwa zimeshazimika, na zilizokuwa zimezimika zitakuwa zimefufuka. Ndiyo maana hatuhangaiki kutafuta njia iliyo bora kuliko zote. Tunatafuta njia nzuri ya kutosha, tunaitafuta upesi, na tunaendelea kuibadilisha kadiri hali inavyobadilika.

Hapo ndipo wadudu wanapoingia. Mwaka 1989 watafiti waliokuwa Brussels, akiwamo Simon Goss na Jean-Louis Deneubourg, walichapisha jaribio ambalo nimelisimulia darasani mara nyingi kiasi kwamba sasa naliota. Walichukua kundi la sisimizi wa Argentina, wakaliunganisha na chakula kwa daraja lenye matawi mawili, moja refu na jingine fupi. Mwanzoni sisimizi waligawanyika kwa bahati tu. Lakini kila sisimizi huacha njiani alama ya harufu, kemikali iitwayo feromoni, na wenzake huvutwa na harufu hiyo. Waliopita tawi fupi walirudi mapema, kwa hiyo tawi fupi likapata harufu mapema, likavuta wengine, nao wakaongeza harufu. Baada ya muda si mrefu karibu kundi zima lilikuwa likipita njia fupi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzilinganisha njia hizo mbili. Miaka 30 kabla yao, Mfaransa Pierre-Paul Grassé alikuwa ameshaona jambo la namna hiyo kwa mchwa. Mchwa hawana msimamizi wa ujenzi. Kila mmoja anaitikia kile ambacho mwenzake amekwisha kukiacha pale, na kichuguu kinainuka.

Mtaliano Marco Dorigo, katika tasnifu yake ya udaktari aliyoiwasilisha Politecnico di Milano mwaka 1992, aliigeuza tabia hiyo kuwa hesabu. Sisimizi wake ni safari za kubuni ndani ya kompyuta. Kila safari hupita hatua zote za ombi na kuchagua mtoa huduma mmoja katika kila hatua kwa kubahatisha, ila bahati yenyewe imeelemea upande wenye harufu nyingi. Safari ikifika mwisho, hupimwa. Iliyofanya vizuri huacha harufu nyingi, iliyofanya vibaya huacha kidogo. Harufu hapo ni namba tu ndani ya jedwali. Zipo na mbinu nyingine za ukoo huo huo: John Holland na kitabu chake cha 1975 kuhusu mabadiliko yanayoiga urithi wa viumbe, Kennedy na Eberhart na kundi lao la ndege mwaka 1995, Karaboga na nyuki wake mwaka 2005. Mimi nilibaki na sisimizi, labda kwa sababu nilikulia mahali ambapo siafu wakipita nyumbani usiku, ni watu wanaohama.

Kuna sehemu moja ya mbinu hii ninayoipenda kuliko nyingine zote, nayo ni ukaukaji. Kila baada ya muda, harufu yote iliyo katika jedwali hupunguzwa kwa sehemu fulani, ili njia iliyokuwa nzuri jana isitawale kesho kwa mazoea tu. Katika jaribio la Brussels, tawi fupi lilipoongezwa baadaye, kundi likiwa limekwisha kuzoea tawi refu, sisimizi waliendelea na refu. Waliopita fupi walikuwa wa kubahatika. Harufu ya zamani ilikuwa imewanasa. Sisimizi halisi, kwa maneno mengine, husahau polepole mno. Ukaukaji wa haraka tunaoutegemea katika kompyuta kwa kiasi kikubwa ni nyongeza ya wahandisi. Niliwahi kuwaambia watumishi wa umma katika warsha moja kwamba barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, inayodaiwa hata pale ambapo kitambulisho cha taifa kimo mkononi, ni harufu iliyokataa kukauka. Walicheka sana. Wakati wa chai mmoja wao akaja kuniomba barua ya kuthibitisha kwamba alihudhuria warsha.

Sasa kisa chenyewe. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja, ambayo sitaitaja, inayoshughulika na mafao ya wastaafu na warithi wao, iliomba kikundi chetu cha chuo kiisaidie kuunganisha mifumo yake. Kabla ya hapo ombi moja la mstaafu lilikuwa likipita katika mifumo kadhaa isiyozungumza lugha moja: kuhakiki kitambulisho, kuhakiki kumbukumbu za mwajiri, kuhakiki akaunti ya benki, kutoa taarifa. Mfumo mmoja ukizimika, ombi zima lililala. Tuliweka tabaka la kati lenye sisimizi wa Dorigo, wakawa wanachagua kwa kila ombi apite wapi. Kwa majaribio yote tuliyofanya, lilifanya kazi vizuri. Seva moja ilipozimwa kwa makusudi, maombi yalitafuta njia nyingine ndani ya dakika chache bila mtu kugusa kitu. Siku tuliyoonyesha jambo hilo mbele ya wakubwa, palipigwa makofi. Nilirudi nyumbani nikijiona nimelitendea taifa jambo.

Baada ya muda nilipigiwa simu na karani wa dirishani, mama mmoja aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu yeye mwenyewe. Nilimfahamu kidogo, ndiye aliyetuonyesha, wakati wa kukusanya mahitaji, jinsi kazi inavyofanyika kweli, tofauti na ilivyochorwa kwenye mwongozo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha bila kuzunguka akasema: "Mwalimu, mashine yako ina chuki na watu waliokula kiapo."

Sikumwelewa. Akanieleza. Kila msomaji wa Tanzania anajua balaa la majina. Faili la ajira limeandikwa Athumani, kitambulisho kimeandikwa Athuman, na herufi moja inatosha kumfanya mtu kuwa watu wawili. Mstaafu huambiwa akale kiapo cha majina, analipia, anarudi na hati yenye muhuri, na kumbukumbu zake zinasahihishwa. Watu hao, alisema karani, ndio wanaokataliwa. Wakija asubuhi, skrini inasema hakuna kumbukumbu. Wakija baada ya saa nane mchana, kumbukumbu ipo. Yeye na wenzake wameshaacha kubishana na skrini. Wanawaambia wazee warudi mchana. Lakini si kila mzee ana mahali pa kukaa hadi mchana. Kulikuwa na mmoja aliyekuja mara tatu kutoka upande wa Kilosa, na mara ya tatu alikuja na nauli ya kuja tu.

Nilichomjibu siku ile ndicho kinachonifanya niandike. Nilimwambia: "Mama, mfumo unajifunza. Upeni muda." Akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Unajifunza kutoka kwa nani?"

Nilifungua kumbukumbu za mfumo usiku ule ule, zaidi kwa kuudhika kuliko kwa wasiwasi. Hatua ya kuhakiki kitambulisho ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa kanzidata kuu, iliyo sahihi lakini inayolemewa asubuhi nchi nzima inapoamka na kuiuliza maswali. Wa pili ulikuwa nakala ya kanzidata hiyo, iliyowekwa karibu ili isaidie wakati wa msongamano, na ambayo ilisasishwa mara moja kwa mwezi. Asubuhi, kanzidata kuu ilipochelewa, sisimizi walihamia kwenye nakala. Mchana, msongamano ulipopungua, walirudi kwenye kuu. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama tulivyokusudia. Lakini mtu aliyesahihisha jina lake baada ya nakala kuchukuliwa hakuwamo ndani ya nakala kwa jina lake jipya. Nakala ilipoulizwa habari zake ilijibu, kwa uaminifu kabisa, hakuna kumbukumbu. Ilijibu upesi sana, kwa kuwa kutopata kitu hakuhitaji kazi ya ziada: hakuna picha ya kupakua, hakuna alama za vidole za kulinganisha, hakuna historia ya kusoma.

Nasi tulikuwa tukipima nini? Tulipima vitu vitatu: muda wa jibu, gharama ya kumwita mtoa huduma, na kama jibu lilirudi au halikurudi. "Hakuna kumbukumbu" ni jibu. Limerudi. Limerudi haraka, tena kwa gharama ndogo. Kwa kipimo changu, kumkataa mzee kwa haraka kulikuwa ni mafanikio, na kila aliyekataliwa aliongeza harufu kwenye mlango uliomkataa. Kadiri watu wengi walivyosahihisha majina yao kama walivyoagizwa, ndivyo sisimizi walivyozidi kuamini kwamba nakala ndiyo njia bora. Mfumo haukuwa umeharibika. Ulikuwa ukitekeleza nilichouagiza kwa bidii isiyo ya kawaida.

Kulikuwa na la ajabu zaidi. Ule ushauri wa makarani, "njooni mchana," ulikuwa umesambaa. Ulipita dirishani, ukapita kwenye daladala, ukapita katika kundi la WhatsApp la makarani wa matawi mengine. Ulikuwa ni harufu halisi, iliyoachwa na watu kwa ajili ya watu. Basi wastaafu wakaanza kuja mchana, mchana nao ukajaa, kanzidata kuu ikaanza kulemewa na saa hizo, na sisimizi wangu, wakiona inachelewa, wakahamia kwenye nakala hata mchana. Makundi mawili yalikuwa yakifuatana kwa harufu bila kujuana, moja la programu, jingine la wazee wenye mabahasha ya kaki. Kila wazee walipogundua mlango ulio wazi, idadi yao yenyewe iliufunga. Siafu nao, ambao ni vipofu, wana ndugu zao wa Amerika ambao wakipotezana na msafara wao huweza kuanza kufuata nyayo za wenyewe katika duara. William Beebe, mtaalamu wa viumbe wa Marekani, alieleza mwaka 1921 duara la namna hiyo aliloliona Guyana, lenye mzunguko wa mamia ya mita. Hutembea hivyo mpaka wengi wao wanakufa. Nilikuwa nikilitaja duara hilo darasani kama kichekesho.

Baada ya hapo nilitafuta mahali zilipotoka namba za uzito tulizotumia. Nusu ilikuwa ya muda, sehemu tatu za kumi ni za gharama, mbili za kumi ni za kupatikana kwa jibu. Nilikumbuka. Niliziandika mimi, Jumapili moja jioni, kwa sababu makala moja ya kitaaluma niliyokuwa naisoma ilitumia namba za kukaribiana na hizo. Hakuna kikao kilichozijadili. Hakuna aliyeniuliza.

Linganisheni na kikokotoo. Mwaka 2018, kanuni mpya zilipopunguza malipo ya mkupuo kwa baadhi ya wastaafu hadi asilimia 25, nchi ilitikisika. Wafanyakazi walilalamika, vyama vyao vikasema, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akakisitisha kikokotoo kile. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu namba ile, lakini ilikuwa namba inayoonekana, imechapishwa, ina waziri wa kuulizwa. Namba zangu tatu nazo ziliamua nani alipwe leo na nani arudi Kilosa, ila zilikaa ndani ya faili la programu, mstari mmoja, na katika taarifa ya mradi ziliitwa "vigezo vya kitaalamu."

Najua kuna watakaosema kwamba tatizo hili ni la mashine zote, si la sisimizi. Kwa sehemu ni kweli, lakini kuna tofauti inayowahusu wanaharakati hasa, nami nitaieleza kwa mfano wa mbali. Australia iliwahi kuwa na mpango wa kudai madeni ya ustawi wa jamii uliojulikana kwa jina la Robodebt. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka, ikakigawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, kana kwamba kila mtu hupata kiasi kile kile kila kipindi, kisha ikawadai watu madeni ambayo hawakuwa nayo. Tume ya kifalme ilitoa taarifa yake Julai 2023, na lugha yake dhidi ya mpango ule ilikuwa kali. Lakini angalieni: kosa lile lilikuwa sentensi moja. Lilikuwa kugawanya. Wakili aliweza kuinyooshea kidole mahakamani. Katika mfumo wa sisimizi hakuna sentensi inayosema waliokula kiapo wakataliwe asubuhi. Ukisoma programu yote kutoka mwanzo hadi mwisho, hutalikuta wazo hilo popote. Limeota lenyewe kutokana na kipimo, msongamano, na nakala ya mwezi uliopita, na kufikia kesho linaweza kuwa limehamia kwa watu wengine.

Sheria nayo inapata taabu hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa kwetu, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zote zinagusa haki ya mtu dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Ni hatua njema, na ninawahimiza wanafunzi wa sheria wazisome. Ila sisimizi wetu hawakuwa wakiamua maombi ya mtu yeyote. Kazi yao ilikuwa kuchagua mlango wa kubisha. Aliyekataa ni nakala, nayo ilisema kweli kuhusu kilichomo ndani yake. Aliyemwambia mzee arudi ni karani, naye alisoma skrini. Kila mmoja katika mnyororo ule angeweza kula kiapo kwamba hakuamua neno, na asiwe amesema uongo.

Na sisi watu wa fani tuna kichaka chetu cha kujifichia, neno "asili." Tunasema mfumo umeiga asili, na msikilizaji anasikia kwamba una hekima ya miaka mamilioni. Asili haikuwahi kuwapa sisimizi haja ya kuhakiki majina. Katika daraja la Brussels hapakuwa na ubishi kuhusu nini ni chema: chakula kiko ng'ambo, anayekifikia amefanikiwa. Sisimizi anayerudi mikono mitupu upesi haongozi kundi kwenda kokote. Ni mimi niliyetengeneza sisimizi wanaorudi mikono mitupu wakashangiliwa. Kwa hiyo jibu la yule mwanafunzi, ambalo nilipaswa kulitoa siku ile ile, ni kwamba mtu huyo amlalamikie aliyeandika kipimo, na aliyemlipa aandike, na aliyekipokea bila kukisoma. Katika kisa hiki wa kwanza ni mimi.

Nilikwenda kwenye taasisi na pendekezo. Jibu la "hakuna kumbukumbu" lisihesabiwe kuwa mafanikio mpaka lithibitishwe na kanzidata kuu, hata kama kufanya hivyo kutachelewesha. Harufu ya mlango wa nakala ikauke haraka kadiri nakala inavyozeeka, ili nakala ya siku mbili isilingane na ya siku 28. Na namba za uzito ziandikwe kwenye waraka wa kawaida, kwa Kiswahili, zikiwa na jina na sahihi ya aliyeziidhinisha, zibandikwe kando ya ule mkataba wa huduma kwa mteja.

Mkuu wa kitengo alinisikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi kumgeuza mtu wa aina yake kuwa shetani wa hadithi. Alikuwa na tatizo la kweli. Taarifa ilikuwa imeshapanda juu, ikiwa na mchoro wa mstari unaoshuka: wastani wa muda wa kujibu ombi. Mstari ule ulikuwa umewafurahisha watu. Nikirekebisha ninachotaka kurekebisha, mstari utapanda, na yeye ndiye atakayeandika barua ya kujieleza. "Mwalimu," aliniuliza, "nieleze kwa maneno gani kwamba tumekuwa wazuri zaidi kwa kuwa wa polepole?" Ukutani nyuma yake mkataba wa huduma ulikuwa umeahidi jibu kwa wakati. Haukusema chochote kuhusu jibu lenyewe.

Marekebisho mawili ya kwanza yalikubaliwa, baada ya vikao ambavyo sitawachosha navyo. Mstari ulipanda. Barua ya kujieleza iliandikwa, nami nilisaidia kuiandika. La tatu, la kubandika namba ukutani, halikukubaliwa. Walisema ni jambo la kitaalamu, wananchi halitawasaidia. Nilipigania kidogo, kisha nikaacha, kwa kuwa muhula ulikuwa umeanza na nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Hili nalo naliandika ili lisomwe.

Siku tulipowasha mfumo uliorekebishwa, yule mama karani aliniita pembeni akanipa daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la kurasa 96, lenye jalada lililofungwa kwa selotepu. Tangu juma la pili la mfumo wetu alikuwa akiandika kila aliyekataliwa asubuhi: jina kwa tahajia zote mbili, tarehe, alikotoka, namba ya simu aliyoiacha. Waliorudi wakafanikiwa alikuwa amewawekea vema kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na hapakuwa na safu ya kazi ile katika fomu yake ya upimaji wa utendaji. Ukurasa mmoja ulikuwa na yule mzee wa Kilosa mara tatu, na vema kando ya ile ya tatu. Makarani walikuwa wamemlipia gesti usiku mmoja, akaingia dirishani kabla seva ya asubuhi haijalemewa.

Tulikaa naye mchana ule tukawapigia wasio na vema. Wengi walipokea, wakafurahi, wakauliza kama wasafiri kesho au Jumatatu. Namba nyingine zilikuwa hazipatikani. Mbili zilipokewa na vijana. Nilijitambulisha kwa mmoja wao, nikasema ninamtafuta mwenye simu, kumbukumbu zake sasa zinaonekana. Akaniuliza mwenye simu yupi, maana baba alikuwa na majina mawili, na hilo ambalo nimelitaja ndilo waliloliandika kaburini.